Dirisha Chini ya Mguu wa Pili

Mfanyabiashara wa maturubai alilitupa lile boksi juu ya meza ya baba mdogo mchana kweupe, baraza limejaa watu wanaosubiri simu zao zitengenezwe. Lilikuwa boksi la bati, dogo kama kopo la majani ya chai, na ndani yake kulikuwa na bodi ya saketi niliyoichora mimi.

“Fundi, mimi nataka Juba,” alisema. “Wewe napa mimi magodoro.”

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Ni mtu wa Sudan Kusini, ana duka Koboko, na kila alasiri husikiliza redio ya kwao ili ajue kama njia imefungwa au iko wazi kabla hajapeleka mzigo. Juba huja dhaifu kwenye mawimbi mafupi, ndiyo maana alimwagiza baba mdogo busta, kifaa cha kuongezea nguvu kile kidogo kinachonaswa na waya wa juu ya paa. Busta yetu iliongeza kweli. Tatizo ni kwamba iliongeza kila kitu na kukikoroga pamoja. Stesheni moja ya karibu ina mwanamke anayetangaza magodoro, na tangu mfanyabiashara alipofunga busta yetu mwanamke huyo alikuwa kila mahali. Ukizungusha kushoto, magodoro. Ukizungusha kulia, magodoro. Pale Juba inapotakiwa kukaa, magodoro, na sauti imepasuka kama anaongea akiwa ndani ya ndoo.

“Mke yangu nauliza mimi, huyu mwanamuke naishi hapa kwa nyumba ni nani? Mimi nasema ni kazi ya fundi wa Arua.”

Wakacheka tena. Baba mdogo alifungua boksi kwa bisibisi, akaitoa bodi, akaiinua juu kila mtu aione.

“Tazameni! Maua! Mimi nasema chora njia ya umeme, yeye nachora bibi harusi.” Kisha akaninyooshea kidole pale nilipokuwa nimekaa nyuma ya rundo la redio mbovu. “Si mimi. Huyo. Mtoto wa kaka yangu.”

Macho yote yakanijia. Mimi nikitazamwa na watu watatu tu masikio yananiwaka moto. Hapo walikuwa kama kumi na tano. Nilitaka kusema kwamba bodi hiyohiyo, wiki mbili nyuma, aliwaonyesha watu haohao wa barazani akasema, “Mkono huu hamuupati Kampala.” Hakunisubiri.

“Toka kwa meza yangu,” alisema. “Usiguse tena. Rudi kwa mama yako ukachore vidole.”

Nataka nieleze jinsi nilivyopata nafasi kwenye meza hiyo, kwa sababu hakunipa kwa huruma. Baba mdogo ni fundi mzuri wa vitu vikubwa. Lakini chipu za siku hizi zina miguu minane ndani ya nafasi ya punje ya mahindi, macho yake yamechoka na mkono unamtetema. Mimi niko kidato cha tano hapa Arua, nasoma fizikia, na mkono wangu hautetemi kwa sababu mama ni mchoraji wa hina. Tangu nikiwa na miaka saba nashika koni ya kuchorea. Sisi Wanubi harusi bila hina si harusi, na Koboko mabibi harusi wengi wamepita mikononi mwa mama, na vidole vyao vidogo vimepita mikononi mwangu. Siku moja shuleni kumefungwa mapema nikamwona baba mdogo akihangaika na kalamu juu ya kipande cha shaba, mistari inagongana. Nikatia rangi ya kucha kwenye koni tupu ya hina, nikamchorea. Mistari myembamba kama nywele. Rangi ikikauka unaitumbukiza bodi kwenye ile dawa ya kahawia inayokula shaba. Palipochorwa panabaki, kwingine kote kunaliwa. Baada ya hapo alinipa kiti kila Jumamosi. Hakuwahi kusema asante, na sikuihitaji. Nilikitaka kiti. Mahali pengine popote mimi ni mtu wa kusukumwa. Pale mezani nilikuwa mtu.

Basi alinitoa, na mbele ya watu.

Likizo ilianza wiki hiyo. Nikapanda gari kwenda Koboko nikiwa nimebeba nguo, madaftari, ile bodi ya aibu (alikuwa ameitupa kwenye takataka) na chipu nne nilizozichukua kwenye kopo lake. Niseme ukweli, niliziiba. Nilipokuwa nazitia mfukoni sikusikia dhambi hata kidogo. Nilisikia raha.

Mama aliponiona uso alijua.

“Baba yako mdogo amekufukuza?”

“Ndiyo.”

“Ulikosea?”

Hilo ndilo swali lililonichoma, kwa sababu sikulijua jibu. Nilifuata mchoro wake wa saketi, kila waya ulikwenda ulipotakiwa kwenda. Kwa nini basi ipige kelele?

Mtengenezaji wa chipu huandika kurasa za maelezo, na kurasa hizo ziko kwenye mtandao. Nilizisoma kwenye simu ya mama, naye ananigombeza kwamba wateja wanapiga hawampati. Karibu na mwisho kulikuwa na picha ya bodi inayopendekezwa. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani aliyeichora ni mvivu. Vitu vyote vimesongamana katikati kama watu waliokimbia mvua, hakuna kinachofanana na mwenzake, na pembeni shaba imeachwa tele, haikuliwa. Nikaiweka bodi yangu kando ya simu, nikatazama hii na hii, na polepole nikaanza kujichukia.

Mimi nilikuwa nimechora hina. Kapasita mbili zinazoilisha chipu umeme safi nilizipeleka kwenye pembe mbili, moja huku na moja kule, kama hereni. Zilipaswa kushikamana na miguu ya chipu. Waya wa kurudisha niliuzungusha chipu yote ili upande wa kushoto ulingane na wa kulia. Na shaba yote iliyobaki niliiacha iliwe, kwa sababu mama amenifundisha kwamba kiganja lazima kiwe na mahali peupe. Kwenye kiganja ndivyo. Kwenye bodi ya mawimbi ya kasi, pale peupe ndipo njia ya umeme ya kurudi nyumbani ilipokuwa ipite, na mimi nimeikata.

Huo waya wa kurudisha nieleze vizuri, maana kisa chote kiko hapo. Chipu hutoa ishara iliyokuzwa kwenye mguu wa sita. Kipande kidogo cha ishara hiyo kinarudishwa mguu wa pili, ili chipu ijisikilize: nimetoa sawa au nimepotosha? Ikipotosha inajisahihisha. Lakini habari ikichelewa njiani, inasahihisha kosa ambalo limeshapita, na sahihisho lenyewe linakuwa kosa. Umeshaona watu wawili wakikutana mlangoni, huyu anapisha kulia, yule naye kulia, halafu wote kushoto? Chipu hufanya hivyo mara mamilioni kwa sekunde. Inachemka, inatetema, na kila inachopewa inakichanganya na kingine. Mwanamke wa magodoro aliingia hapo.

Kwa hiyo nilikosea, ndiyo. Nilimwambia mama. Alikuwa anachuja unga wa hina, hakuinua kichwa.

“Sasa si umwombe msamaha?”

“Hata siku moja.”

“Kichwa kama chake,” alisema mama. “Damu moja.”

Bodi ya pili niliichora kwa hasira, na kwa mara ya kwanza nilichora vibaya kwa makusudi. Nilitumia shaba ya pande mbili. Juu nilisonga kila kitu karibu, rezista, kile kipande kinachopitisha ishara inayorudi, nikailaza palepale kati ya mguu wa sita na wa pili. Upande wa chini niliupaka rangi ya kucha wote usiliwe, ubaki shaba tupu kama sakafu. Nilifunga waya kwenye mwembe wa jirani, betri ya sola nikaiazima chumbani kwa kaka yangu bila kumuuliza, nikawasha redio.

Ilikuwa nafuu. Lakini nilipogusa chipu kwa kidole ilikuwa ya moto, na magodoro yalikuwa bado yanasikika mahali pengi, safari hii kwa mbali. Nililia, kusema kweli. Kaka alinikuta hapo, akachomoa betri yake.

“We mwizi, redio gani inamliza mtu?”

Nilirudi kwenye zile kurasa. Maneno niliyoyaruka kwa sababu yalikuwa madogo yalisema hivi: sakafu ya shaba iwe kila mahali isipokuwa chini ya mguu wa pili. Shaba ikikaa chini ya mguu huo, hata bila kuugusa, inakuwa kama kapasita ndogo, inanyonya kidogo kile kinachorudi, inakichelewesha. Kidogo sana, lakini kwa kasi ile kidogo kinatosha.

Nikachukua wembe. Nikaigeuza bodi, nikapima ulipo mguu wa pili, nikakwangua shaba ya chini mpaka kikatokea kidirisha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Betri niliiazima tena, bila ruhusa tena. Chipu ikabaki vuguvugu tu. Mwanamke wa magodoro nikamkuta kwenye stesheni yake mwenyewe, mahali pamoja, ametulia. Na nilipozungusha taratibu, nikasikia mtu anasoma habari kwa Kiarabu cha Juba, safi, hata anapogeuza karatasi unasikia.

Kumpelekea mwenye maturubai kulinichukua siku mbili za kupita mbele ya duka lake na kujifanya nina safari. Siku ya tatu yeye mwenyewe ndiye aliyeniita.

“Wewe! Mutoto ya maua! Kila siku napita hapa, nataka kuiba turubai?”

“Nimeleta busta nyingine.”

“Mimi nishachoka busta. Peleka kwa kanisa, iko na watu ya kuvumilia.”

Nilitaka kurudi nyumbani. Miguu ilikataa, sijui kwa ujasiri au kwa woga. Nikaweka boksi kwenye kaunta yake.

“Jaribu tu. Ikisema magodoro, tupa.”

Aliifunga huku akinung'unika, akazungusha redio. Nilimwona akiinama. Aliinama zaidi. Juba ilikuwa inataja majina ya barabara. Akaninyamazisha kwa mkono, na mimi sikuwa nimesema kitu. Habari zilipokwisha hakunisifu.

“Hii nani natengeneza?”

“Mimi.”

“Wewe na fundi?”

“Mimi peke yangu.”

“Haiwezi,” alisema, na akaibakisha.

Siku ya soko alikuwa amewaambia wenzake watano, wote wafanyabiashara wa kwao, nao walitaka kama ile. Walikwenda kwa nani? Walikwenda Arua kwa baba mdogo. Fundi ni mwenye baraza, mwenye meza na ndevu. Mimi ni mtoto anayepita mbele ya maduka. Baba mdogo alipoambiwa kwamba busta ya Koboko ni nzuri sana alisema, “Ndiyo, ile nilirekebisha.” Nimeambiwa na mwenye maturubai mwenyewe, akicheka mpaka machozi. Siku mbili baadaye baba mdogo alikuja mpaka dukani kwake, akaifungua ile busta, akapiga picha kwa simu juu na chini, akaifunga. Kwetu ni hatua mia tatu kutoka hapo. Hakufika hata kumsalimu mama.

Niliposikia, nilikaa nyuma ya nyumba nikapasua kuni zote. Mama alisema zimekuwa ndogo mno, zinawaka na kwisha. Sikujali.

Halafu, baada ya wiki, baba mdogo akaja kwetu. Aliingia na pikipiki mpaka mlangoni, hakuvua kofia ya chuma, akaanza kusema kabla injini haijazimwa.

“Umeniwekea nini wewe mtoto?”

“Shikamoo, baba.”

“Wacha shikamoo! Busta tano nimetoa, zote zinalia kama mbuzi. Watu wamerudisha. Nimechora kama yako, mstari kwa mstari. Mimi kipofu? Umeniwekea nini?”

Mama alitoka na mikono yake mieusi ya hina. “Shemeji, karibu kwanza. Kaa.”

“Sikai. Nauliza huyu mchawi wako.”

Alitoa bodi moja mfukoni, akanisukumia. Niliigeuza chini. Sikuhitaji kutazama zaidi. Sakafu ya shaba ilikuwa nzima, inang'aa, haina dirisha.

“Hapa,” nilisema, “kwenye picha uliona nini?”

“Hapo? Pameliwa na dawa. Ulipaka rangi vibaya, dawa ikala. Mimi nimefunika, nimefanya safi.”

Sijui niiandike vipi furaha iliyonipata. Ilikuwa furaha mbaya. Aliona kidirisha changu, kitu pekee kwenye bodi yote nilichokijua mimi na yeye hakijui, akadhani ni uchafu wa mkono wangu, akakifuta mara tano. Shavu lilinitetema kwa kuzuia kucheka.

“Nacheka nini?”

“Sicheki.”

“Sema kosa iko wapi!”

Hapa ndipo kila kitu kilipokuwa, na nilijua. Nikisema hapo mlangoni, atapanda pikipiki, atakwenda kukwangua madirisha matano, na mimi nitabaki na kuni. Neno moja tu na sina tena cha kumfanya anihitaji. Nikatazama kofia yake, sikuweza kutazama macho.

“Nitaonyesha mezani.”

“Meza gani?”

“Meza yako. Nikiwa nimekaa.”

Mama alivuta pumzi. Kwetu mtoto hasemi hivyo kwa mdogo wa baba yake, na baba mwenyewe hayupo tena kunisemea. Nilingoja kofi. Baba mdogo akatema mate pembeni.

“Nitakaa nalo kosa langu,” alisema, na akaondoka bila kunywa hata maji.

Mama hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alisema, “Ungemwambia tu. Yeye ni mkubwa.” Nikamjibu kwamba ukubwa wake ndio uliofunika dirisha. Akanirushia kandambili. Ilinipata begani.

Wiki nzima ilipita. Nililima na bibi kijijini kwake, Lurujo, nikijiambia nimeharibu, nimepoteza kiti kwa sababu ya kiburi, na nikijiambia pia kwamba ningefanya vilevile tena. Vyote viwili vilikuwa kweli kila asubuhi. Kisha simu ya mama ikalia, na aliyeongea hakuomba kuongea na mimi. Alimwambia mama, “Mwambie huyo kesho nafungua saa mbili.”

Nilifika Arua saa moja na nusu. Aliponiona alifungua mlango bila salamu, akaziweka zile busta tano kwenye meza zikiwa zimefunguliwa, akavuta kiti changu cha zamani kutoka chini ya redio mbovu, akakisukuma kwa mguu. Nikakaa. Nikatoa wembe. Alisimama nyuma yangu karibu sana, nikasikia pumzi yake ya kahawa na tangawizi.

“Mguu wa pili ni huu,” nilisema. “Chini yake shaba haitakiwi. Inanyonya.”

“Inanyonya bila kugusa?”

“Bila kugusa.”

“Nani nasema?”

“Waliotengeneza chipu. Imeandikwa.”

Nilikwangua. Alichukua bodi, akaifunga kwenye redio yake kubwa, akagusa chipu kwa kidole. Alikiacha kidole pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akazungusha kutoka mwanzo hadi mwisho. Magodoro mara moja tu. Akarudi, akaweka ya pili mbele yangu.

Tulimaliza tano kabla ya adhuhuri, na nilipomwuliza kama nianze kuchora mpya alisema, “Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye profesa?” mbele ya watu wa baraza, na wakacheka kama kawaida yao. Masikio yaliwaka. Sikuinuka.

Jumamosi iliyofuata nilikuta amepiga mstari wa chaki katikati ya meza. Si katikati, niseme kweli. Nilipima kwa shibiri alipotoka kuswali: upande wake tano, wangu mbili. Makopo yake ya chipu yote ameyahamishia kwake na kuyafunga kwa kamba, kwa hiyo anajua kuhusu zile nne. Lakini upande wangu ndio ulio dirishani. Niliweka wembe wangu, koni yangu na chupa ya rangi ya kucha ndani ya mstari, nikavuta kiti, nikaanza bodi ya sita.